Mpanda Mlima wa Getini

Uongo wa Gadiel ulianza na neno moja tu, na hata hilo neno lenyewe halikuwa uongo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Mei, na saluni ya Marie-Claire katikati ya jiji la Durban ilikuwa imejaa wateja hadi mlangoni. Gadiel alikuwa amekuja kubadilishiwa kioo cha simu na Baudouin, mdogo wake Marie-Claire, ambaye meza yake ya ufundi ilikuwa mle mle saluni, nyuma tu ya mlango. Mteja wa simu akikaa pale hana budi kunusa mafuta ya nywele na kusikiliza habari za ndoa za watu asiowajua.

Marie-Claire alikuwa mama wa miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa Bukavu, mnene, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara na akaitika. Siku hiyo alikuwa anasuka huku analalamika. Daktari alikuwa amempima presha, akatikisa kichwa, akamwambia atembee.

"Nitembee kwenda wapi?" aliuliza, akimvuta mteja kichwa mpaka akatoa machozi. "Kutoka hapa mpaka kwa robot, ile taa ya barabarani, halafu nirudi? Niko nasimama kutwa nzima! Kama ni kutembea, nitembee mahali iko kitu ya kuona. Mlima! Theluji! Mimi nilizaliwa kwenye milima." Akamgeukia Gadiel. "Wewe kijana, si uko mutu wa Kilimanjaro? Ulishapanda ile mlima?"

"Mlima ule?" Gadiel alisema bila kuinua macho. "Ah, Mama, mlima ule nimeuzoea."

Na ni kweli, alikuwa ameuzoea. Kwao Machame mlima ulisimama nje ya dirisha la jikoni kama jirani asiyehama. Aliuona akipiga mswaki, aliuona akikama ng'ombe, aliuona akichapwa. Ila kuupanda, hapana. Shangazi yake Scola alikuwa na kibanda karibu na geti la kuingilia watalii, akikodisha makoti ya mitumba, glavu, soksi na fimbo, na Gadiel alimsaidia kila likizo mpaka alipomaliza kidato cha sita. Alijua koti lipi linastahimili upepo na soksi ipi itamtoa mtu malengelenge. Aliwaona watu wakienda wanacheka na wakirudi wanachechemea. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kupita lile geti hata hatua kumi, kwa sababu aliogopa mahali pa juu kama wengine wanavyoogopa nyoka. Akiwa na miaka tisa alipanda mparachichi wa bibi yake, akafika tawi la tatu, akakwama. Ilibidi waitwe wanaume wawili wa kwaya waje na ngazi ya kanisani wamteremshe, naye akiwa amelikumbatia tawi kama mtoto wa nyani.

Pale saluni, hata hivyo, vichwa vitatu viligeuka pamoja na rasta zake. Baudouin akaweka bisibisi mezani.

"Mara ngapi, Petit?" aliuliza. Petit, yaani mdogo, ndivyo alivyomwita Gadiel siku zote.

Kabla Gadiel hajajibu, mteja aliyekuwa anavutwa nywele akamjibia: "Mtu akishasema amezoea, si chini ya mara sita hiyo."

Gadiel alifungua mdomo kusahihisha. Wakati huo huo Marie-Claire akamtazama, akatabasamu, tabasamu pana la mama anayemwona mwanawe amerudi na cheti. Tangu Gadiel afike Durban kusomea upimaji wa ardhi, mwaka mzima na miezi mitatu, hakuna mtu aliyekuwa amemtazama namna ile. Akaufunga mdomo.

Basi akawa amepanda mara sita. Kufikia Jumatano, kwenye duka la jirani linalouza samaki wakavu, zilikuwa mara nane, moja bila viatu.

*

Marie-Claire hakuwa mtu wa kuacha jambo lipoe. Wiki hiyo hiyo alianzisha chama cha wapanda milima, akafungua daftari jipya, akaandika juu ya ukurasa: Tai wa Durban. Rais ni yeye. Katibu na mpiga picha ni Baudouin. Guide ni Gadiel. Mtu wa afya ni Amne, binti wa Tanga aliyekuwa anasomea ufamasia, ambaye alisuka nywele kwa Marie-Claire na kupanga chumba Glenwood katika nyumba kuukuu ile ile aliyopanga Gadiel.

Jioni Amne alimkuta Gadiel jikoni anakoroga uji.

"Kaka Gadi," alisema, "juzi ulipopanda kiti kubadilisha taa, uliniomba nikushike miguu."

"Kiti ni kitu kingine."

"Kiti kina futi mbili."

"Mlima una njia, Amne. Kiti hakina njia." Akaendelea kukoroga. "Na wewe usiseme kitu."

Amne alicheka mpaka akashikilia jokofu, lakini hakusema.

Mipango ilikuwa ya Juni hadi Agosti. Durban yote miezi hiyo huita majira ya baridi na kuvaa masweta, ila Marie-Claire aliita kiangazi, kama kwao. "Jua iko, mvua haiko. Sasa unataka niite nini?" Kiangazi hicho Tai wangefanya mambo mawili. Julai wangekwenda milima ya Drakensberg, mahali ambapo mtu hupanda jabali kwa ngazi za chuma. Agosti wangekwenda kucheza ski, kuteleza kwenye theluji kwa mbao za miguuni. Watu wengi huenda kuchezea Lesotho, lakini kwenda Lesotho ni kuvuka mpaka, na makaratasi ya ukimbizi ya Marie-Claire na Baudouin hayapendi mipaka. Amne akatafuta kwenye simu, akapata mahali padogo pa theluji upande wa huku huku, juu kabisa katika milima ya Eastern Cape.

Mazoezi yalikuwa Jumapili baada ya kanisa, kwenye vilima vya Glenwood, barabara zilizosimama wima kama zimekosana na bahari. Kila mmoja alibeba begi lenye chupa za shampuu. Gadiel alitembea mbele. Alichojua kuhusu kupanda mlima ni yale aliyosikia wabeba mizigo wakiwaambia watalii getini, nayo yalikuwa mawili tu: pole pole, na kunywa maji. Akayasema yote mawili kwa sauti nzito.

"Pole pole, Mama. Kunywa maji."

Ajabu ni kwamba yalifanya kazi. Jumapili ya kwanza Marie-Claire alikaa chini mara saba. Ya nne alikaa mara moja, na hiyo ni kwa sababu alikutana na mteja ambaye hawakuwa wamemaliza umbea.

"Unaona?" Baudouin alimwambia kila aliyesimama kuwatazama. "Huyu Petit ni mtaalamu, vraiment. Hapotezi maneno."

*

Siku ya ngazi waliondoka alfajiri kwa gari la Baudouin, Condor kuukuu iliyokuwa ikitoa mlio wa jogoo kila ikibadilisha gia. Saa nne na nusu walikuwa wameegesha chini ya jabali, wakaanza kutembea. Njia ilipinda na kupinda ubavuni mwa mlima, na Gadiel akagundua kuwa akitazama ukutani, asitazame upande wa bonde, mambo si mabaya sana. Alitembea amegeuza uso kama mtu aliyeinunia mandhari. Baudouin alimpiga picha hivyo hivyo na kusema ndivyo wataalamu wanavyosoma mwamba.

Kisha njia ikaisha, na ngazi zikaanza.

Zilikuwa zimening'inia kwenye jabali kwa minyororo, vipago vya chuma, vyembamba, kimoja juu ya kingine mpaka shingo iume kutazama. Chini yake walikuwa wamesimama wazee sita wa Kizungu, wastaafu, wenye fimbo na chupa za chai. Waliwapisha kwa adabu. Guide hutangulia, Gadiel akatangulia. Nyuma yake akaingia Marie-Claire. Amne na Baudouin wakabaki chini kungoja zamu, Baudouin simu mkononi akichukua video.

Alivihesabu vipago. Cha kumi alikuwa hai. Cha kumi na tano aliomba. Cha kumi na saba upepo ulipita, ngazi ikajitikisa kidogo, kidogo sana, kama ng'ombe anayefukuza nzi, na mikono ya Gadiel ikafunga. Haikuwa yake tena. Aliiamuru ikakataa.

"Guide!" sauti ilitoka chini ya viatu vyake.

"Naam, Mama."

"Iko nini?"

"Nakagua mnyororo."

"Mnyororo iko aje?"

"Mzuri."

"Basi panda."

"Nakagua tena."

Mzee mmoja miongoni mwa wale wastaafu aliuliza kwa upole kama kuna tatizo. Marie-Claire alimjibu kwa Kiingereza chake cha saluni kwamba hakuna tatizo, kiongozi anafanya ukaguzi. Ukaguzi ukaendelea. Dakika zikapita. Jasho la Gadiel likateremka puani, likadondoka, na kwa muda mrefu mno hakusikia lilipotua.

"Mama," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto wa miaka tisa. "Mimi sijawahi kupanda."

"Kupanda ngazi?"

"Kupanda mlima. Wowote. Nilikuwa nakodisha makoti."

Upepo ulikatika.

"Amesema nini?" Baudouin alipaza sauti kutoka chini.

"Anasema alikuwa anakodisha makoti!" Amne alimpa habari.

"Makoti ya nani?"

"Baudouin, nyamaza!" Kisha Marie-Claire akavuta pumzi, na aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka ikawa ile anayotumia kwa mtoto anayesukwa mara ya kwanza. "Gadi, mwanangu. Nisikie. Mimi nikitazama chini sioni miguu yangu, tumbo iko inazuia. Kwa hiyo kushuka siwezi. Wewe usipopanda nitafia hapa, chini ya matako yako, na daktari ataandika presha. Unataka daktari aandike uongo?"

"Hapana, Mama."

"Voilà. Mkono wa kuume. Fungua kidole kimoja. Kimoja tu. Haya, kingine."

Alimpandisha hivyo, kidole kwa kidole, kipago kwa kipago, akihesabu kwa Kifaransa, na kila mguu wa Gadiel uliposita aliusukuma kwa kiganja. Ngazi ya kwanza ikaisha, ya pili ikaanza, akahesabu upya. Gadiel alipanda macho yamefumba. Alijua amefika kwa sababu mkono wake ulishika majani.

Akalala kifudifudi, akaikumbatia ardhi. Marie-Claire akamruka, akasimama.

Mbele yao kulikuwa na uwanda mpana wa majani makavu ya rangi ya simba, na kijito chembamba chenye kingo za barafu kilichokwenda taratibu mpaka ukingoni, kikajitupa. Zaidi ya hapo ilikuwa hewa tupu, na milima ya buluu nyuma ya milima ya buluu. Mama yule alisimama mikono kiunoni na kunyamaza dakika tano nzima, jambo ambalo hakuna mteja wake aliyewahi kulishuhudia.

Amne alifika akihema na kucheka. Wa mwisho alifika Baudouin, na yeye hakucheka.

"Petit," alisema, midomo imekauka. "Ulitaka kuniulia dada."

Akaitia simu mfukoni bila kupiga picha hata moja. Wale wastaafu, walipofika na kuwagawia chai, waliwaonyesha njia nyingine ya kushukia kwenye korongo la mawe, isiyo na ngazi. Safari nzima ya kurudi Baudouin aliendesha gari macho mbele, na alipohitaji kitu alimtumia Amne kama mkalimani.

"Amne, mwambie mtu wa makoti anipe maji."

"Kaka Gadi, kaka Baudouin anaomba maji."

"Mwambie haya hapa."

"Yako hapa, kaka."

"Mwambie afungue kifuniko."

Kilomita mia tatu.

*

Wiki mbili Gadiel hakukanyaga mjini. Simu yake ilianza kuzima ovyo, lakini afadhali simu izime kuliko kuketi kwenye ile meza. Usiku mmoja kabla ya kulala alijaribu kuandika ujumbe wa kuomba radhi. Aliandika mistari ishirini, akafuta kumi na tisa, akabaki na "Shikamoo", akafuta na hiyo.

Jumapili ya tatu mlango wa nyumba ya Glenwood uligongwa. Marie-Claire alisimama barazani na kitenge chake cha kanisani, sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, mkono mmoja, bahasha mkono mwingine.

"Kwanza barua," alisema.

Ilikuwa barua kweli, iliyochapwa, yenye muhuri wa saluni wenye picha ya kichana. Ilisema kuwa baada ya kikao cha dharura cha Tai wa Durban, Bwana Gadiel ameshushwa cheo kuanzia leo, kutoka Guide kuwa Mbeba Mizigo na Mshauri wa Makoti.

Gadiel aliisoma mara mbili. "Mama, mimi nilikudanganya."

"Ulinidanganya. Nilikasirika siku nne. Siku ya tano nikaenda kwa daktari, akaniuliza, nani amekutembeza hivi? Nikatafuta jina la mutu mwingine, sikupata." Akampa sufuria. "Na Durban yote nimesema niko na guide. Sasa niseme nini? Utakuja ski, utabeba mizigo, batu watakuona uko. Lakini kumtuliza Baudouin, hiyo kazi ni yako. Mimi simo."

Kwenye makoti, angalau, Gadiel alikuwa anasimama juu ya ardhi ngumu. Jumamosi mbili alizunguka kwenye mitumba ya Isipingo, karibu na stendi ya taxi, akigeuza mishono, akivuta zipu, akimwagia maji kidogo kitambaa kuona kama kinanywa. Wauzaji walimchukia. Alirudi na makoti manne, suruali nne zisizopenyeza maji na glavu za kutosha. Marie-Claire alivaa lake ndani ya saluni siku nzima. Baudouin alilitazama lake, akalisukuma pembeni kwa bisibisi. Alikuwa na jaketi la ngozi. Na jinzi. Kwenye picha, alimwambia Amne, mtu lazima apendeze.

*

Mlima wa ski, walipoufikia Ijumaa jioni ya Agosti baada ya safari ya siku nzima na pancha mbili, ulikuwa wa kahawia kama milima mingine yote, isipokuwa ukanda mmoja mweupe ulioteremka ubavuni.

"Kama mutu aliyepaka rangi nywele akaishiwa dawa," Marie-Claire alisema. Lakini alishuka garini, akaenda mpaka pale weupe ulipoanza, akavua glavu, akaichota theluji na kuionja.

Asubuhi walikabidhiwa kwa mwalimu, mama mmoja mfupi wa Kixhosa aliyeitwa Nosipho, ambaye aliwaweka kwenye kundi la watoto wa miaka saba na kuwaambia kwamba somo la kwanza ni kuanguka. Ukiona umeshindwa, keti. Keti upande, mikono mbele, usipambane. Gadiel alisikia moyo wake unatulia. Hatimaye mchezo ulioanzia pale yeye alipo. Akaanguka mara kumi, akaanguka mara ishirini, kila mara vizuri kuliko ya kwanza, na Nosipho akawaambia wale watoto wamtazame huyu kaka.

Amne, hijabu yake imebanwa ndani ya helmeti, alianguka mara mbili tu, kisha akaondoka zake akiteleza kana kwamba Tanga kuna theluji na watu wamekuwa wakificha. Viatu vya ski vilikataa kufunga kwenye mashavu ya miguu ya Marie-Claire, basi akapewa kibao cha plastiki cha kukalia. Alikikalia, akaanza wimbo wa kanisani, akajisukuma. Ubeti wa kwanza haukuisha kabla hajafika chini, na njiani aliwapita watoto wanne na baba yao.

Baudouin alikataa somo. "Mimi nimetengeneza simu za watu miaka kumi na mbili, hakuna aliyenifundisha kuanguka," alisema, akavaa mbao zake, akajikokota mpaka kwenye kamba ya kupandisha watu, akaishika. Kamba ikamvuta. Kila mtu alimwambia aachie katikati, pale wanafunzi wanaposhukia. Nosipho alipiga filimbi. Amne alipunga mikono. Baudouin alidhani wanamshangilia, akawapungia kwa mkono mmoja, na kamba ikampeleka mpaka juu kabisa, ikamwacha pale, tone jeusi kwenye weupe. Baada ya muda mfupi kamba ilisimama. Mafundi walikuwa wamekwenda kula.

Simu ya Marie-Claire ililia.

"Yaya," sauti ya Baudouin ilimwita, kama wanavyomwita dada mkubwa kwao, na meno yalisikika yakigongana. "Kuko upepo huku."

"Shuka!"

"Niko nafikiria."

Nosipho alikuwa ameingia ofisini na mtoto aliyepasuka mdomo. Gadiel alimtazama Marie-Claire. Marie-Claire alikuwa ameshika supu yake na kuitazama milima, mutu asiyemo. Gadiel akavua mbao, akachukua lile koti la nne alilokuwa amelibeba begini tangu Durban, akaanza kupanda kwa miguu ukingoni mwa theluji.

Hakutazama juu wala chini. Alitazama ncha za viatu. Pale palipokuwa wima alitambaa. Mara moja alisahau akageuka, akaona paa za nyumba zimekuwa ndogo kama vibiriti, akakaa dakika nzima na uso wake magotini akipumua pole pole. Halafu akaendelea. Ilimchukua nusu saa.

Baudouin alikuwa ameketi, jinzi imelowa mpaka kiunoni, jaketi la ngozi limekakamaa kama gamba.

"Nani amekutuma?" Ilikuwa mara ya kwanza kwa zaidi ya mwezi kumsemesha moja kwa moja.

"Hakuna. Mimi ni mbeba mizigo."

"Mizigo gani?"

Gadiel akamnyooshea koti. Baudouin alilitazama kwa muda ambao heshima inahitaji, kisha akalivaa haraka haraka, akafunga zipu hadi puani.

Wakakaa. Upepo uliinua theluji ukaipeleka.

"Unajua niliona nini siku ile?" Baudouin alisema ndani ya kola. "Wewe ulikuwa unaona mwamba. Mimi, pale chini, nilikuwa naona viatu vya yaya. Kisigino kimoja hewani. Mama yetu, kule Bukavu, alikuwa amenipigia simu jana yake. Anaogopa. Nikamwambia, Mama, lala, yaya iko na mutu wa Kilimanjaro. Mama alilala juu ya jina lako, Petit."

Gadiel alitafuta mistari yake ishirini. Haikuwepo. "Nisamehe, kaka," alisema. "Nilitaka kusema siku ile ile, pale saluni. Lakini dada yako alinitazama vizuri. Nilikuwa sijatazamwa vizuri siku nyingi."

Baudouin alifikiri. "Ile macho yake," alikubali mwishowe. "Mimi kwa ile macho nilishasema najua kupiga piano. Kanisani. Mbele ya watu." Akapangusa pua. "Sasa tunashuka aje?"

"Najua kitu kimoja tu. Kuanguka. Mwalimu anasema mimi ni wa kwanza darasani."

Walizifunga mbao za Baudouin mgongoni kwake kwa skafu, wakaketi mmoja nyuma ya mwingine, Gadiel mbele, na Gadiel akafumba macho, akafumbua, akasukuma. Kwanza walikwenda taratibu. Halafu hawakwenda taratibu. Baudouin alianza kuwataja watakatifu kwa mpangilio wa alfabeti, na pale kwa Mtakatifu Dominiki pakasikika mlio mrefu wa kitambaa kuchanika, mlio uliosikika mpaka chini, na kuanzia hapo jinzi ilishuka mlima kwa kasi moja na mwenyewe kwa kasi nyingine. Walipita mbele ya wale watoto wa miaka saba. Walipita wavu. Walisimama kwenye meza za supu, katikati ya viti, kiti kimoja kikiwa shingoni mwa Gadiel.

Watu walipiga makofi. Marie-Claire aliinama, akamfunika mdogo wake kwa kitenge bila kumtazama, kisha akammiminia kila mmoja supu kwenye kikombe.

"Eish," alisema. "Kuleni. Baudouin, wewe kula ukisimama."

*

Siku ya pili Gadiel aliamka kila kiungo kinamlaumu. Alipotoka nje jua lilikuwa ndiyo kwanza linagusa theluji, na pale kwenye mstari wa wanafunzi, nyuma ya watoto wawili wenye kofia za masikio ya sungura, alikuwa amesimama Baudouin, koti la mitumba limefungwa hadi shingoni, suruali isiyopenyeza maji, mbao mkononi.

"Petit, fanya haraka," aliita. "Mwalimu anaanza saa tatu. Anasema leo ni kusimama."

Walisimama, kwa namna yao. Asubuhi yote ilikuwa ni kupanda hatua ishirini na kuteremka hatua ishirini, magoti yamekunjwa, ncha za mbao zimekutana mbele kama jembe. Saa tano hivi, mara ya thelathini au ya arobaini, Gadiel alijisukuma, akangoja kuanguka, na hakuanguka. Theluji ilipita chini yake ikinong'ona. Alipita kijiti cha kwanza, akapita cha pili. Alizielekeza ncha pamoja kama alivyoambiwa, akapungua mwendo, akasimama, wima, peke yake, mahali alipotaka kusimama.

Akageuka upesi kuona nani ameona. Hakuna. Baudouin alikuwa chini anavutwa na Nosipho, Amne alikuwa mbali juu, na Marie-Claire alikuwa amempa mgongo, anamsimulia mama mmoja mgeni habari za ndoa za mtu mwingine. Gadiel alifungua mdomo awaite. Kisha akaufunga, akatupia mbao zake begani, akaanza kupanda tena.